Je, Wajua? Michoro ya Vekta na Wabunifu wa Nchi ya Chai

Ukisafiri kutoka Kericho kupitia Litein na Sotik hadi Bomet, kazi za wabunifu zinakufuata njia nzima: vibao vya maduka ya pembejeo, mabango ya shule, stika za namba ya malipo (till), tisheti za vyama vya akiba na mikopo, majina ya viwanda kwenye magunia ya chai. Nyingi huanza kama mchoro wa vekta kwenye kompyuta, na mara nyingi mchoraji ni kijana asiye na mwajiri, anayepokea kazi kwa simu na kulipwa kwa M-Pesa. Haya hapa ni mambo ambayo mbunifu wa kujitegemea, na mteja wake pia, watafaidika kwa kuyajua.

Je, wajua kwamba mchoro wa vekta ni maelekezo?

Picha uliyoipiga kwa simu ni kusanyiko la viraba vidogo vya rangi viitwavyo pikseli. Ukiikuza kupita kiasi, viraba vinajitokeza na picha inakwaruza macho. Mchoro wa vekta hauna viraba. Ndani ya faili mna maelekezo ya hesabu: anza hapa, pinda hivi, ishia pale, jaza kijani. Kila unapoukuza au kuupunguza, kompyuta inakokotoa upya, na ukingo unabaki mkali vilevile, iwe ni kwenye kalamu au kwenye ukuta wa ghala.

Chukua bango la urefu wa mita 3 na kimo cha mita 1. Likitengenezwa kwa pikseli 100 kwa kila inchi, linahitaji pikseli 11,811 kwa 3,937, yaani zaidi ya milioni 46. Kwa rangi nne za uchapishaji, faili hiyo kabla ya kubanwa hufikia takriban megabaiti 186. Nembo ileile kwa vekta inaweza kuwa na kilobaiti chache tu. Kwa anayenunua bando la intaneti kidogo kidogo, tofauti hiyo ni pesa.

Je, wajua kwamba mikunjo ya nembo yako ilizaliwa kwenye viwanda vya magari?

Mistari iliyopinda katika programu nyingi za vekta huitwa mikunjo ya Bézier, kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa kampuni ya magari ya Renault nchini Ufaransa. Katika miaka ya 1960 alitafuta njia ya kuieleza kompyuta umbo la bodi ya gari bila kutegemea mkono wa fundi na kielelezo cha udongo. Lakini hakuwa wa kwanza. Paul de Casteljau, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni shindani ya Citroën, alikuwa amefikia hesabu hizohizo mwaka 1959. Kampuni yake ikaifanya kazi hiyo siri, naye Bézier akachapisha yake. Ndiyo maana mikunjo inabeba jina la Bézier, huku mbinu ya kuikokotoa ikibeba jina la de Casteljau.

Mkunjo mmoja wa aina hii unatawaliwa na nukta 4 tu: mbili za mwisho, ambamo mstari unapita, na mbili za mikono, zinazouvuta mstari upande huu au ule bila kuguswa nao. Mbunifu anayeelewa mikono hiyo huchora umbo kwa nukta chache. Asiyeielewa hurundika nukta, na mstari wake unatetemeka.

Je, wajua kwamba kila herufi unayosoma kwenye simu ni vekta?

Fonti za TrueType, zilizotoka Apple mwaka 1991, huchora kila herufi kwa mikunjo midogo yenye nukta 3. Fonti za PostScript za Adobe hutumia ile ya nukta 4. Kwa hiyo ukiandika jina la kituo cha kununulia chai kwa herufi ndogo za risiti au kubwa za lango, ni hesabu ileile inayofanya kazi.

Hapo ndipo msiba wa kawaida wa wabunifu unapoanzia. Kompyuta ya mpiga chapa isipokuwa na fonti uliyotumia, itaweka nyingine bila kukuuliza. Dawa yake ni kugeuza maandishi kuwa mikunjo kabla ya kutuma faili. Lakini ukishayageuza huwezi tena kurekebisha tahajia, kwa hiyo hifadhi nakala mbili: moja ya kazi, moja ya kuchapa.

Je, wajua kwamba mduara wa kompyuta huenda si mduara kamili?

Mkunjo wa Bézier wa kawaida hauwezi kuchora mduara halisi. Programu inayochora kwa mikunjo hiyo huunganisha vipande 4, na umbo linalopatikana hupotoka kwa takriban asilimia 0.027 ya nusu kipenyo. Ukichora duara la kipenyo cha mita 10 ukutani, kosa hilo halifiki milimita 2. Hakuna jicho litakaloliona. Lakini ni vizuri kujua kwamba hata mambo tunayoyaona kamili kwenye skrini ni makadirio yaliyofanywa kwa ustadi.

Je, wajua kwamba programu iliyoasisi uchoraji wa leo wa kompyuta ilikamilishwa mwaka uleule Kenya ilipopata uhuru?

Mwaka 1963, Ivan Sutherland, mwanafunzi wa uzamifu katika chuo cha MIT nchini Marekani, alikamilisha programu iliyoitwa Sketchpad. Alichora mistari moja kwa moja kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga. Programu yake iliweza kulazimisha mistari miwili iwe sambamba, na kunakili umbo moja mara nyingi ili ukibadilisha la asili, nakala zote zibadilike pia. Mambo hayo mawili bado ni nguzo za programu za leo. Mwaka 1988 Sutherland alipewa Tuzo ya Turing, heshima ya juu katika fani ya kompyuta.

Je, wajua kwamba Illustrator ilichochewa na kazi ya mke wa mwanzilishi wa Adobe?

John Warnock na Charles Geschke walianzisha Adobe mwaka 1982 na kuipa jina la kijito kilichopita nyuma ya nyumba ya Warnock huko California. Mke wa Warnock, Marva, alikuwa mbunifu wa michoro, na ndiye aliyechora nembo ya kwanza ya kampuni. Kuona jinsi alivyochora kwa mkono kulisaidia kuleta wazo la programu ya kuchorea, na Illustrator ikatoka mwaka 1987 kwa kompyuta za Macintosh. Ndani ya boksi mliwekwa kanda ya video ambamo Warnock mwenyewe alifundisha jinsi ya kuitumia.

Miaka miwili baadaye, mnamo 1989, kampuni ya Corel ya Ottawa, Kanada, ilitoa CorelDRAW, na hadi leo programu hiyo ina wafuasi wengi miongoni mwa wachoraji wa vibao na wakataji wa stika.

Je, wajua kwamba programu inaweza kufa na kazi zako zikabaki zimefungiwa ndani?

FreeHand iliwahi kuwa mshindani mkubwa wa Illustrator. Mwaka 2005 Adobe ilinunua Macromedia, kampuni iliyoimiliki, na mwaka 2007 uendelezaji wa FreeHand ukakomeshwa. Wabunifu waliokuwa wamehifadhi kazi za miaka kwa fomati ya FreeHand walilazimika kutafuta namna ya kuzihamisha.

Funzo lake ni kuhifadhi kazi kwa fomati iliyo wazi. Mojawapo ni SVG, iliyoidhinishwa na muungano wa viwango vya wavuti, W3C, tarehe 4 Septemba 2001. Faili yake ni maandishi matupu: ukiifungua kwa programu ya kawaida ya kuandikia, utayasoma maelekezo yenyewe, namba kwa namba. PDF nayo ilitoka Adobe mwaka 1993 na ikawa kiwango cha kimataifa mwaka 2008. Mteja anayelipia nembo na kupewa JPEG peke yake hajapewa nembo yake. Aombe SVG au PDF ya vekta, na mbunifu mwema ampe bila kuombwa.

Je, wajua kwamba unaweza kuanza kazi hii bila kulipia programu hata shilingi moja?

Mwaka 2013 Adobe ilitangaza kwamba programu zake mpya zitapatikana kwa malipo ya kujiandikisha badala ya kununuliwa mara moja. Kwa kijana wa Kapkatet au Silibwet, ada ya dola kila mwezi ni mzigo, na wengi hukimbilia nakala za wizi, ambazo mara nyingi huja na virusi na haziwezi kutajwa mbele ya mteja wa maana.

Njia ya haki ipo. Inkscape ilianza mwaka 2003, pale kundi la watengenezaji lilipojitenga na mradi wa awali ulioitwa Sodipodi. Ni programu huria: unaipakua bure, unaitumia kwa biashara, na unaruhusiwa hata kuibadilisha. Toleo lake la 1.0 lilitoka Mei 2020, baada ya zaidi ya miaka 16 ya kazi ambayo kwa sehemu kubwa ilifanywa na watu wa kujitolea. Huendeshwa kwenye Windows, Linux na Mac, na fomati yake ya asili ni SVG.

Ina upungufu mmoja ambao mbunifu wa kazi za kuchapa lazima aujue: hufanya kazi kwa rangi za skrini. Kazi ikihitaji rangi za wino, wengi huihamishia kwenye Scribus, programu nyingine huria ya kupanga kurasa inayomudu rangi hizo. Kwa fonti, Google ilifungua maktaba yake mwaka 2010, na fonti zake huja na leseni huria zinazoruhusu matumizi ya biashara.

Je, wajua kwamba jani la chai linahitaji nukta mbili tu?

Majani mawili na chipukizi ndicho kipimo cha uchumaji bora, na ndiyo alama inayorudiwa kuliko nyingine yoyote katika nembo za chai. Kwa vekta, umbo la msingi la jani ni nukta 2 na mikunjo 2: nukta kwenye kikonyo, nukta kwenye ncha. Chora jani moja, linakili, ligeuze kama kwenye kioo, kisha weka chipukizi katikati. Ndivyo ilivyo pia kwa sotet, kibuyu cha maziwa ya mursik: chora nusu, geuza, unganisha, na pande zote zitalingana.

Lakini tazama mmea wenyewe kabla ya kuchora. Ukingo wa jani la chai una meno madogo, na chipukizi ni jembamba lenye ncha, lililosimama wima. Majani mengi yanayopakuliwa mtandaoni ni ya mnanaa au ya mti usiojulikana, na mkulima wa Konoin atalitambua jani lisilo lake mara moja. Wachumaji huweka ufito juu ya michai ili wasivuke kimo cha meza ya uchumaji. Mbunifu naye avute mistari ya mwongozo kwenye skrini, ili maumbo yake yakae kwenye kimo kimoja bila kubahatisha.

Je, wajua kwamba jina la kiwanda kwenye gunia ni alama inayobeba bei?

Mnada wa chai wa Afrika Mashariki ulianza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969. Chai huuzwa hapo kwa jina la kiwanda au shamba ilikotoka na kwa daraja lake. Litein, Kapkatet, Momul, Mogogosiek, Kapset, Kapkoros, Tirgaga: haya ni majina ya viwanda vya wakulima wadogo walio chini ya KTDA, shirika la maendeleo ya chai lililoanzishwa mwaka 1964, na kwa mnunuzi kila jina lina ladha na sifa yake. Gunia hubeba jina hilo pamoja na daraja, kama BP1, PF1, PD au D1, uzito, na namba ya shehena.

Hapa urembo unanyenyekea mbele ya usomekaji. Karatasi ya gunia ni ngumu na hunywa wino, na herufi nyembamba huziba. Mbunifu anayetaka kazi ya aina hii ajizoeze kuchora nembo inayosimama kwa rangi moja. Nembo isiyosomeka kwa wino mweusi peke yake haijakamilika, hata kama inang'aa vipi kwenye skrini.

Kericho vilevile ndiko yaliko makao ya Ketepa, kampuni ya kufungasha chai inayotoa Fahari ya Kenya. Kwa hiyo kijana wa hapa ana shule ya ufungashaji kwenye rafu ya duka lililo karibu naye. Anunue pakiti kadhaa za chai, azikate, azikunjue mezani, apime mikunjo na aone maandishi yamewekwa wapi na kwa nini.

Je, wajua kwamba kijani cha skrini hakichapiki?

Skrini huunda rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu. Mashine ya kuchapa huunda rangi kwa wino nne: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Wino hauwezi kufikia rangi zote ambazo mwanga hufikia, na miongoni mwa zinazopotea kwanza ni kijani kinachowaka na zambarau iliyokolea. Kwa nchi ya chai hilo ni jambo zito, kwa sababu kijani ndiyo rangi ambayo karibu kila mteja ataiomba.

Zambarau nayo imeingia. Mwaka 2011 watafiti wa chai walio Kericho walitoa aina iitwayo TRFK 306, chai ya zambarau, baada ya utafiti wa takriban miaka 25. Majani yake hupata rangi kutokana na anthosayanini, kemikali ileile inayotia rangi zabibu nyeusi. Mwenye kuuza chai hiyo atataka pakiti ya zambarau, na zambarau iliyopendeza kwenye simu inaweza kutoka kwa mpiga chapa ikiwa imechujuka au imeelekea buluu.

Mbunifu afanye nini? Achague rangi kwa thamani za wino tangu mwanzo, aombe sampuli iliyochapwa kabla ya kukubali kazi nzima, na mteja aiidhinishe sampuli hiyo kwa macho yake, nje kwenye mwanga wa jua. Kwa rangi ambayo haipaswi kubadilika kabisa, upo mfumo wa Pantone, uliotolewa mwaka 1963, ambapo wino huchanganywa kabla na kutambuliwa kwa namba.

Je, wajua kwamba kuna mashine zisizoelewa picha kabisa?

Mashine ya kukata stika ina kisu kinachofuata mstari. Ukiipa picha ya pikseli haijui pa kupita. Inahitaji njia ya vekta. Uchapishaji wa skrini, yaani wa kupitisha wino kwenye wavu, nao unataka kila rangi itenganishwe na kuwekewa fremu yake, kwa hiyo nembo ya rangi 4 ina gharama ya fremu 4. Kazi ya aina hiyo iliongezeka baada ya Kenya kupiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, maduka yalipogeukia mifuko ya aina nyingine, mingi ikiwa imechapwa majina yao.

Mashine za kudarizi, zinazoweka nembo kwenye sweta za shule, husoma faili ya mishono. Fomati ya DST, inayotumika sana, ilitoka kwa kampuni ya Tajima ya Japani. Fundi huchukua vekta yako na kuamua uzi uelekee wapi na ubadilike wapi. Mstari mwembamba kuliko milimita 1 hupotea ndani ya kitambaa, na herufi ndogo za kaulimbiu ya shule huwa fundo la uzi. Ukipewa kazi ya nembo ya shule, chora toleo la pili, jepesi, la kudarizi.

Je, wajua kwamba mistari myekundu haisomeki dukani?

Vifaa vingi vya kusoma msimbo pau hutumia mwanga mwekundu. Mbele ya mwanga huo, mistari myekundu juu ya karatasi nyeupe huonekana nyeupe, na bidhaa haiuziki kwenye kaunta. Nyeusi, buluu nzito na kijani kizito husomeka.

Namba za msimbo pau zinazoanza na 616 hutolewa na ofisi ya GS1 Kenya. Zile za 620 hutolewa Tanzania. Namba hiyo huonyesha ni ofisi gani iliyoisajili, wala haithibitishi kwamba bidhaa ilitengenezwa katika nchi hiyo. Tarakimu ya 13, ya mwisho, hukokotolewa kutokana na 12 za kwanza ili kunasa makosa ya uandishi. Ukubwa wa kawaida wa msimbo huu ni milimita 37.29 kwa 25.93, na unaruhusiwa kupunguzwa hadi asilimia 80 au kukuzwa hadi 200. Uchore kwa vekta daima, na usiubane upande mmoja ili utoshee.

Je, wajua kwamba msimbo wa QR unaweza kuchafuka na bado ukasomeka?

Msimbo huu ulibuniwa mwaka 1994 na Masahiro Hara na wenzake katika kampuni ya Denso Wave ya Japani, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Una viwango 4 vya kujirekebisha; katika cha juu kabisa, takriban asilimia 30 ya data inaweza kuharibika na bado isomeke. Ndiyo sababu wabunifu huweza kuweka nembo ndogo katikati. Kwa bango la nje, kwenye mvua za mchana za Kericho na tope la barabarani, chagua kiwango hicho cha juu.

Je, wajua kwamba karatasi za A4 kumi na sita ni A0 moja?

Karatasi za mfululizo wa A zina uwiano uleule wa pande, na kila moja ni nusu ya iliyo juu yake. A0 ina eneo la mita 1 ya mraba. Tangazo lililopangwa vizuri kwa A4 linaweza kukuzwa hadi A3, A2 au A0 bila kupangwa upya, mradi limechorwa kwa vekta. Kumbuka tu kuongeza milimita 3 za rangi kila upande, ili kisu cha mpiga chapa kisiache ukingo mweupe.

Je, wajua kwamba sheria ya Kenya humpa mteja hakimiliki usiposema neno?

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, kazi ya sanaa hulindwa mara tu inapowekwa katika hali ya kuonekana, bila kuhitaji kusajiliwa. Ulinzi hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini kifungu cha 31 kinasema kwamba kazi ikiagizwa na mtu, hata kama si mwajiri wako, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwake, isipokuwa mkikubaliana vinginevyo.

Maana yake ni kwamba mazungumzo ya mwanzo ni muhimu kuliko ugomvi wa mwisho. Andikeni kabla ya kazi kuanza: mteja atamiliki nini, lini, na baada ya kulipa kiasi gani, mbunifu ataruhusiwa kuonyesha kazi hiyo kwa wateja wengine au la, michoro iliyokataliwa itabaki kwa nani. Ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi uliotiwa sahihi na pande zote mbili unatosha kuzuia migogoro mingi. Mwenye kutaka ushahidi zaidi anaweza kusajili kazi yake kwa hiari katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO.

Je, wajua kwamba hakimiliki na alama ya biashara ni vitu viwili?

Mteja mwenye chapa ya chai anayetaka jina na nembo visitumiwe na mshindani husajili alama ya biashara katika Taasisi ya Mali ya Viwandani, KIPI. Usajili hudumu miaka 10 na huhuishwa tena na tena. Chai na kahawa zote zimo katika daraja la 30 la mpangilio wa kimataifa wa bidhaa, kwa hiyo nembo ya chai inayofanana mno na ya kahawa iliyokwisha kusajiliwa inaweza kukataliwa. Tafuta kwanza, chora baadaye.

Tena, bendera na nembo ya taifa si mapambo ya bure. Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa, Sura ya 99, inakataza kuzitumia kwa biashara bila kibali cha maandishi. Mteja akikuomba uweke ngao ya taifa kwenye pakiti yake, mweleze sheria hiyo na umpendekezee kitu kingine.

Je, wajua kwamba mteja wako anaweza kuwa Oslo au Toronto?

Hadi mwaka 2009, intaneti ya Kenya ilitegemea satelaiti, ghali na ya polepole. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilianza kufanya kazi kupitia Mombasa. M-Pesa ilikuwa imeanza mwaka 2007, na mwaka 2018 ikaunganishwa na huduma ya malipo ya mtandaoni ya PayPal, hata mbunifu wa Bomet akaweza kupokea malipo ya ng'ambo kwenye simu. Serikali nayo ilianzisha mpango wa Ajira Digital mwaka 2016 kuwafundisha vijana kazi za mtandaoni.

Lakini piga hesabu kabla ya kutaja bei. Fiverr, soko la mtandaoni la kazi za kujitegemea, hukata asilimia 20 ya pato la muuzaji: kazi ya dola 50 hukuachia 40, kabla ya ada za kuhamisha pesa. Mteja wa karibu, kama vile shule, kanisa, kikundi cha akina mama au kiwanda kidogo cha asali, hulipa kidogo kwa kila kazi lakini hurudi, na hukutaja kwa jirani. Mbunifu mwenye busara hulea wote wawili, na huomba malipo ya awali kwa wote wawili.

Mambo yote haya yanaelekea hitimisho moja. Miaka 40 iliyopita kuchora nembo kwa kompyuta kulihitaji mtaji ambao haukuwako vijijini. Leo programu ni bure, fomati ni wazi, na kompyuta ya mtumba inatosha. Kinachomtofautisha mbunifu mmoja na mwingine ni maarifa: nukta chache, rangi inayochapika, mkataba ulioandikwa, faili iliyokabidhiwa kamili. Kijana wa Kericho au Bomet unayevutiwa na kazi hii, pakua Inkscape, chora jani la chai lenye meno yake, na urudie mpaka mstari ukutii. Nawe mwenye biashara, ukiagiza nembo, mlipe mbunifu kwa wakati, na uiombe faili ya vekta.